Mikeka mikuukuu na kiti cha shangazi

Siku ya kwanza nilipohudhuria msiba wa Kitonga niliwaonea haya wafiwa, na haya hizo, ambazo baadaye nilizijutia, ndizo zilizonisukuma kuandika makala haya. Tulikuwa katika ukumbi wa kanisa huku West Valley City, Utah, ambako jirani yangu alikuwa amefiwa na mdogo wake baba yake. Yeye na ndugu zake walikuwa wamejifunga viunoni mikeka mikubwa, mikuukuu, iliyofumuka pindo na kutoboka, na wengine mikeka hiyo iliwapanda hadi kifuani ikawafanya watembee kwa taabu. Karibu na kichwa cha marehemu alikaa mama mmoja mtu mzima, peke yake, amejifunga mkeka mdogo laini unaong'aa kama hariri. Nilidhani yule ndiye tajiri wa ukoo na hawa wengine wamekosa cha kuvaa. Wiki kadhaa zilipopita nilijikaza nikamwuliza jirani yangu, naye akanijibu kwa upole kwamba marehemu kwao ni baba, kwa kuwa ndugu wa baba ni baba, na mtoto hajipambi mbele ya baba yake anayezikwa.

Jibu hilo halikuhitaji tafsiri kubwa kwa mtu aliyelelewa Pemba. Hata sisi ndugu wa baba ni baba, mkubwa au mdogo. Ambalo sikulijua ni kwamba mkeka unaweza kulitamka jambo hilo mbele ya watu mia tatu bila mtu kufumbua kinywa.

Kabla sijaendelea, nieleze kwamba Watonga ninaowazungumzia si wale wa bonde la Zambezi, wala wale wa kando ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Hawa ni watu wa ufalme wa visiwa uliomo katika Bahari ya Pasifiki, wenye visiwa zaidi ya 150 ambavyo vingi havina wakazi, na watu wapatao 100,000 wanaoishi Tongatapu, Ha'apai, Vava'u, 'Eua na visiwa vya Niua vilivyo mbali kaskazini. Walikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuanzia 1900 hadi 1970, lakini kiti chao cha ufalme hakikuondolewa. Wengine wengi wamehamia New Zealand, Australia na Marekani, na hapa Utah wamekuwapo kwa vizazi kadhaa, ndiyo maana mtu wa Pemba ameweza kuwa jirani yao.

Mkeka unaofungwa kiunoni huitwa ta'ovala, na hukazwa kwa kamba iitwayo kafa, inayosokotwa kwa makumbi ya nazi na pengine kwa nywele za wazee waliokwisha kufa. Tonga mtu huuvaa anapokwenda kanisani, kazini serikalini, mbele ya mkubwa, katika harusi na katika msiba. Wanawake wana pia kiekie, mshipi wa kusuka wenye mishipi midogo inayoning'inia, ambao ni mwepesi zaidi na unafaa kwa shughuli za kila siku. Kwa hiyo kujifunga mkeka ni kumwambia uliyemwendea kwamba umemheshimu. Katika msiba heshima hiyo hugawanyika kulingana na ulivyo kwa marehemu. Walio chini yake kwa nasaba, kama watoto wake na watoto wa ndugu zake wa kiume, hujifunga mikeka mikubwa iliyochakaa, nao ndio wanaoshinda nyuma ya nyumba wakichinja, wakipika na kubeba. Walio juu yake hujifunga mikeka mizuri na hawagusi kazi ya jikoni.

Na ni nani aliye juu yake? Hapa ndipo niliposhtuka kwa furaha, maana aliye juu ni shangazi na uzao wake. Kwa Watonga dada ana daraja kubwa kuliko kaka yake hata kama kaka amemzidi umri, na daraja hilo hurithiwa na watoto wake, hivyo watoto wa dada huwa na haki juu ya mjomba na watoto wa mjomba. Haki hiyo, pamoja na mtu mwenye kuishika, huitwa fahu. Shangazi mwenyewe huitwa mehekitanga. Yule mama aliyekaa kichwani pa marehemu alikuwa binti wa shangazi yake. Hakuwa tajiri hata kidogo. Jirani yangu aliniambia kuwa kazi yake ni usafi wa hoteli. Lakini siku ile yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na kila mkeka na kila nguo ya gome iliyoletwa msibani ilipita mbele yake kabla ya kwenda popote, na iliyo bora kuliko zote ilikuwa yake.

Nguo ya gome huitwa ngatu. Pamoja na mikeka, hizo ndizo vitu vikuu katika kile ambacho Watonga hukiita koloa. Neno hilo maana yake ni mali au hazina, nalo huhusishwa na kazi ya wanawake, wakati viazi vikuu, nguruwe na mazao mengine ya shamba ni kazi ya wanaume na yana jina lake. Shughuli yoyote kubwa hudai vyote viwili. Chakula cha wanaume huliwa kikaisha siku ileile, ilhali koloa hubaki, ikahifadhiwa, ikatolewa tena katika arusi ya mwaka ujao, ikahamia nyumba ya tatu, na mwisho ikarudi kwa mjukuu wa aliyeianza bila yeye kujua. Nimewasikia watu wa huku wakiziita nguo hizi mapambo ya ukutani, kwa sababu wameziona zimetundikwa hotelini au katika majumba ya makumbusho. Pengine kule ukutani ndipo mahali pekee ambapo ngatu haifanyi kazi yoyote.

Jinsi inavyotengenezwa ni habari inayostahili kusimuliwa polepole. Mti wake, hiapo, ni wa aina ya mforsadi, nao hukatwa ungali mche mwembamba wa mwaka mmoja na nusu au miwili, mrefu kumpita mtu. Gome huchunwa lote, kisha ganda la nje hukwanguliwa na kutupwa, ukabaki utando mweupe wa ndani ambao upana wake hauzidi kiganja. Utando huo hulowekwa, ukalazwa juu ya gogo lililochongwa bapa upande wa juu, ukatwangwa kwa rungu la pembe nne. Pande za rungu zenye mifuo hutanua nyuzi, na upande ulio laini humalizia. Kwa kutwanga, kukunja na kutwanga tena, kiganja kimoja huwa viganja viwili vitatu kwa upana. Gogo limeinuliwa kidogo kutoka chini ili litoe sauti, na watu waliokulia Tonga huniambia kwamba mdundo huo wa asubuhi ndio wanaoukumbuka kuliko kitu chochote, kama vile mimi ninavyokumbuka kinu cha jirani zetu kilichokuwa kikianza kabla ya jua kuchomoza.

Kutwanga mtu anaweza kufanya peke yake nyumbani. Kuunganisha hawezi. Siku ya kuunganisha, inayoitwa koka'anga, wanawake hukusanyika kwa zamu, leo kazi ya huyu, wiki ijayo ya yule, mtindo ambao mkulima yeyote wa kwetu atautambua kuwa ni ushirika wa kulimiana. Hukaa safu mbili wakielekeana, katikati yao pana meza ndefu ya mbao yenye mgongo wa mviringo, na juu yake zimefungwa kupesi, yaani vibao vya nakshi vilivyotengenezwa kwa makuti na majani na kushonewa njiti za ukuti wa mnazi. Tabaka la kwanza la nguo hutandazwa juu ya nakshi hizo, la pili likalazwa kwa kukingama, na yote mawili hugandishwa kwa uji mzito wa muhogo au wa uwanga. Uwanga huo ni uleule wa pwani yetu, uliokuwa ukichimbwa na wazee wakati wa njaa. Kisha kila mwanamke huchukua bumba lililochovywa katika rangi ya kahawia iliyokamuliwa kutoka gome la mti uitwao koka, akasugua mbele yake kwa nguvu, na nakshi zilizo chini hujitokeza juu. Kipande kikishakamilika husukumwa mbele, na kingine huanzia kilipoishia.

Kila kipande cha namna hiyo, chenye urefu wa kama nusu mita, ni langanga moja, na hicho ndicho kipimo cha ngatu. Nguo ya langanga 50 huitwa launima. Ya 100 ni lautefuhi, yenye urefu unaokaribia mita 50, na hiyo huandaliwa kwa wakubwa. Nambari za vipande huandikwa ukingoni kwa rangi, moja baada ya nyingine, ili siku ya kukata na kugawa kila mtu aone ni kiasi gani kimetolewa na kiasi gani kimebaki. Nilipoonyeshwa nambari hizo kwa mara ya kwanza, 23, 24, 25, zilizoandikwa kwa mkono usio wa haraka, nilifahamu kwamba mbele yangu palikuwa na daftari la hesabu la ukoo mzima.

Nakshi zenyewe nazo zina habari zake. Ya zamani inayopendwa sana ni manulua, ndege wawili, inayosemwa kuashiria ukoo wa kikubwa kwa upande wa mama na wa baba. Nyingine ni hala paini, barabara ya misonobari inayoelekea ikulu, na nyingine ni nembo ya ufalme. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Watonga walichanga fedha za kununulia ndege za kivita za Spitfire kwa ajili ya Uingereza, na ndege hizo zikaingia katika nguo za gome zikakaa pamoja na ndege wa manyoya. Ngatu ya daraja la juu ni ile nyeusi, ngatu 'uli, ambayo rangi yake hutokana na masizi ya kokwa zilizochomwa taratibu, nayo huonekana zaidi katika misiba na sherehe za wakubwa.

Sasa nirudi kwenye mikeka, maana huko mikono yangu inajua kidogo. Mmea wao mkuu ni mkadi. Ndiyo, mkadi, wa jamii moja na ule ambao maua yake mabibi zetu walikuwa wakiyatia katika vikuba ili nguo zinukie. Sisi tulichukua ua tukaliacha jani lenye miba. Wao walichukua jani. Wana aina nyingi za mkadi, na kila aina ina mkeka wake, kuanzia wa kahawia wa kutandika sakafuni hadi ule mweupe mwembamba kuliko yote uitwao kie. Majani ya kie huondolewa miba, yakachemshwa, utando wa juu ukatenganishwa na ule mgumu wa chini, kisha yakafungwa mafungu na kuzamishwa baharini kwa wiki moja au zaidi yakiwa yamekandamizwa kwa mawe ili chumvi iyang'arishe, na hatimaye yakaanikwa juani. Chane zinazotoka hapo ni nyembamba kama uzi.

Bibi yangu alikuwa akisuka ukili wa ukindu akiwa amekaa kibarazani, akiuzungusha duara kubwa linalokua kando yake, kisha akaushona kuwa mkeka. Mkeka wa kwetu huzaliwa ukiwa utepe mrefu, na mtu anaweza kuusuka huku anatembea kwenda kisimani. Mkeka wa Kitonga husukwa wote kwa pamoja, chane kwa chane, umetandikwa sakafuni na msukaji ameukalia. Jirani yangu alipoona kipande cha ukili nilichokuja nacho kutoka nyumbani alikigeuza nyuma, akakikunja, akavuta chane moja kwa ukucha, akaniuliza kama aliyekisuka yu hai. Nilipomwambia kwamba alifariki, alikirudisha kwa mikono miwili. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunirudishia kipande kile kwa mikono miwili, wala mimi mwenyewe sikuwahi kukishika hivyo.

Mikeka ya kie iliyo mikongwe kabisa ina majina yake yenyewe kama watu, na kwa hiyo huitwa kie hingoa, mikeka yenye jina. Mingi ilitoka Samoa kwa njia ya ndoa za wakubwa katika karne zilizopita, nayo huwekwa na koo za kifalme na za makabaila, ikatolewa katika arusi, kutawazwa na mazishi. Hapa ndipo mtu anayepima mali kwa upya wa kitu hupotea njia, kwa sababu mkeka wa aina hii kadiri unavyochanika na kutiwa viraka ndivyo unavyozidi kuwa mkubwa. Uchakavu wake ni orodha ya watu waliouvaa.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuzilinda desturi hizi katika karne iliyopita ni Malkia Sālote Tupou III, aliyetawala tangu 1918 hadi alipofariki mwaka 1965. Ulimwengu ulimjua mwaka 1953 alipokwenda London kwa ajili ya kutawazwa kwa Elizabeth II, akapita barabarani katika gari la farasi lililo wazi huku mvua inamnyeshea, akikataa kufunikwa, na umati ukampenda. Watonga wanalikumbuka tukio hilo, lakini wanawake niliozungumza nao humtaja zaidi kwa jambo jingine la mwaka huohuo, yaani kuanzishwa kwa Langafonua, chama cha wanawake wa Tonga ambacho hadi leo kinashughulika na kazi za mikono. Alifariki Auckland, na mwili wake uliporudishwa nyumbani kwa ndege, chini ya jeneza ilitandikwa ngatu launima yenye urefu wa zaidi ya mita 20, ambayo sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Te Papa mjini Wellington.

Msomaji wa Uganda atakuwa ameshaanza kunikumbusha kuhusu olubugo, na ana haki. Nguo ya gome ya Buganda, inayotokana na mti wa mutuba ambao ni wa jamii moja na mforsadi, ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, nayo huvishwa wafalme na kuwazungushia maiti. Lakini kule wafuaji wa gome kwa desturi ni wanaume, wa ukoo wa Ngonge, na mutuba huachwa hai ukaota gome jipya. Tonga kazi ni ya wanawake, na mche hukatwa. Ninalolipenda katika ulinganisho huu ni kwamba watu wa pande mbili za dunia, ambao hawakuonana, waliona kuwa maiti anastahili kuagwa akiwa ndani ya kitu kilichopigwa kwa mkono kwa siku nyingi.

Wako Watonga wenyewe wanaolalamika kwamba mambo haya yamekuwa mzigo. Familia iliyohamia ng'ambo hudaiwa mikeka katika kila msiba, arusi, kutimiza miaka 21 kwa mtoto na sherehe ya kanisa, na asiye na msukaji nyumbani hana budi kununua kwa bei kubwa. Pana maduka ya rehani, Tonga na New Zealand, yanayopokea mikeka na ngatu kama dhamana ya mkopo, na jirani yangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwenda kuweka rehani mkeka wa mama ni jambo ambalo mtu hulifanya usiku. Ninaelewa malalamiko hayo, kwa kuwa hata kwetu arusi zimewafilisi watu. Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema kwamba fedha taslimu zingetosha. Bahasha ya fedha haisemi wewe ni nani kwa marehemu. Dola mia ya mpwa na dola mia ya mwenye duka zinafanana, na zikichanganyika hakuna awezaye kuzitenganisha. Mkeka unaoletwa na wanawake wanne wakiushika pembe zake na kuutandaza mbele ya fahu hauwezi kuchanganyikiwa na wa mtu mwingine.

Na wanawake wenyewe wametafuta njia. Upo utaratibu uitwao kātoanga, ambapo kikundi cha wanawake wa kijijini Tonga husuka na kutwanga kwa mwaka mzima, na kikundi cha wenzao wa ng'ambo hukusanya fedha na vitu vya nyumbani, kisha wakakutana na kubadilishana, kila mmoja na mshirika wake. Huko New Zealand, ambako gome la hiapo halipatikani kwa urahisi, wamebuni ngatu pepa kwa kutumia kile kitambaa kigumu ambacho mafundi cherehani hukitia ndani ya kola za mashati. Wapo wanaoidharau. Mimi nimeiona ikitandazwa, yenye nakshi zilezile na nambari zilezile ukingoni, na fahu aliipokea.

Mwezi uliopita jirani yangu alinialika nimsaidie kuanika. Aliinua godoro la chumbani kwake, na chini yake, mahali ambapo mimi ninaweka masanduku ya nguo za baridi, palikuwa na mikeka imelazwa mmoja juu ya mwingine kwa unene wa shubiri, na katikati yake ngatu zilizokunjwa. Tulizitoa moja moja hadi uani, na kila tulipotandaza moja alinitajia ilikotoka. Ule ulitoka katika arusi ya dada yake. Huu aliletewa alipojifungua. Huu wenye pindo la nyuzi za rangi alipewa na watu ambao hajawahi kuwapa chochote, na bado anautafutia siku. Chini kabisa palikuwa na ule mkuukuu aliojifunga katika msiba wa baba yake mdogo, nao aliuanika mwenyewe, kando na mingine, akaupiga vumbi kwa kiganja. Nilimwuliza kama hautaisha. Alisema mama yake aliuvaa kabla yake, kwamba binti yake ameshafundishwa namna ya kuukunja, kisha akanionyesha nisimame wapi ili nishike pembe ya pili.